Kujipamba Usiku wa Harusi: Vipodozi, Udhu na Picha

 

Kila msimu wa harusi unapokaribia tunaletewa maswali yanayofanana. Bibi harusi amepambwa tangu Alasiri, uso umekamilika, Maghrib imeingia, na hakuna anayethubutu kumwambia akachukue udhu. Wageni nao wamekaa kwenye viti vya saluni wakisubiri zamu, Isha inaadhiniwa, na kila mmoja anasema ataswali akirudi nyumbani. Akirudi ni saa nane za usiku, kachoka, na Maghrib imeshapita zamani. Makala hii tumeiandika ili familia ziiweke na kuirejea kabla ya siku yenyewe. Tunachotaka kukisema ni kimoja: pambo halikatazwi, ila Swala ndiyo ipangwe kwanza, na pambo lifuate.

Pambo lilianza na maji

Anayepanda njia ya mashambani kutoka mjini Unguja hadi Kidichi huyakuta mahamamu aliyoyajenga Sayyid Said bin Sultan mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa mfalme wa Uajemi. Kuta za ndani zina nakshi za plasta kwa mtindo wa kwao, maua, mitende na ndege, na humo mna birika la kuogea na mahali pa kukandwa mwili. Pembezoni mwa mahamamu ni mashamba ya viungo: karafuu, mdalasini, langilangi, na mzingefuri ambao mbegu zake ukizisugua mdomoni zinatoa rangi nyekundu.

Tumeitaja Kidichi kwa sababu inatukumbusha mpango wa mabibi zetu. Kwao kujipamba kulianza na kuoga. Baada ya hapo singo mwilini, liwa usoni, hina mikononi na miguuni, wanja machoni, asumini kichwani na udi nguoni. Karibu vyote hivyo ama vinakoshwa vikatoka, ama vinaacha rangi tu isiyozuia maji kufika kwenye ngozi. Vipodozi vya leo vingi vimetengenezwa kwa makusudi visitoke kwa maji wala kwa jasho. Sifa hiyo hiyo inayovifanya vidumu mbele ya kamera ndiyo inayoleta mas-ala ya udhu.

Asili ya hukumu

Asili ya pambo ni halali. Katika Suratul A'raf, aya ya 31 na 32, Allah Ameamrisha waja Wake wachukue mapambo yao kila wanapokwenda kuabudu, Akakataza israfu, na Akamkemea anayeharamisha pambo Alilowatolea. Katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Ibn Mas'ud (Radhiya Allahu anhu), Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) ameeleza kuwa Allah Anapenda uzuri. Kwa hiyo mwanamke kujipamba kwa ajili ya mumewe, au kwa furaha mbele ya wanawake wenzake na maharimu zake, hakuna ubaya.

Mipaka yake ni hii:

1. Asilidhihirishe pambo mbele ya wanaume ajinabi. Dalili ni Suratun Nur, aya ya 31, iliyowataja mmoja mmoja wanaofaa kuliona. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya uso wenyewe, lakini uso uliopakwa rangi na kupambwa si sawa na uso mtupu. Huo ufunikwe anapotoka.

2. Asijitie manukato kisha akapita mbele ya wanaume. Makatazo hayo yamo katika Sunan za Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai. Udi na asumini ni vya ndani ya ukumbi wa wanawake.

3. Asibadilishe umbile. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Mas'ud laana kwa wenye kuchanja mwili, kunyoa nyusi na kuchonga mwanya wa meno kwa ajili ya urembo. Kuhusu nyusi, wapo mafakihi waliolegeza kwa mke kwa idhini ya mumewe. Kuziacha ni salama zaidi, na zinaweza kupangwa kwa brashi na wanja bila kung'olewa.

4. Asiunganishe nywele. Asmaa bint Abi Bakr (Radhiya Allahu anhuma) amepokea kuwa mama mmoja alimwendea Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) kwa ajili ya binti yake aliyeozwa, naye nywele zimempukutika kwa maradhi. Akauliza kama anaweza kumuunganishia, na akakatazwa. Huyo alikuwa bibi harusi, na tena mgonjwa. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wameziingiza kope za bandia katika hukumu hii.

5. Asijidhuru. Hili tutalirudia hapo chini.

Nini kinazuia udhu?

Kanuni ya mafakihi ni nyepesi: rangi peke yake haizuii, tabaka linazuia. Hina ikishabanduliwa ikabaki wekundu, udhu unasihi. Mafuta mepesi yaliyobaki kwenye ngozi nayo hayadhuru, maadamu maji yanapita juu ya ngozi, hata kama hayatulii.

Vinavyozuia ni hivi: rangi ya kucha, gundi ya kope za bandia na ya kucha za bandia, maskara isiyotoka kwa maji, na faundesheni nzito inayokaa kama ngozi ya pili. Zingatia kuwa kope ni sehemu ya uso, na kuzikosha ni wajibu katika udhu. Ama rangi ya kucha inayouzwa kwa madai kuwa inapitisha maji, ibada haijengwi juu ya tangazo la biashara. Asiyekuwa na yakini kuwa maji yanafika kwenye ukucha, aiache au aiondoe kabla ya udhu.

Nywele zilizosukwa na kupangwa hazina uzito huo. Kwa madhehebu ya Imam Shafi inatosha kupaka maji sehemu ndogo ya kichwa, hata nywele chache zilizo ndani ya mpaka wa kichwa. Ila josho la janaba au hedhi ni jambo jingine: humo maji lazima yafike kwenye nywele na ngozi ya kichwa.

Kutayamamu kwa sababu ya kuchelea kuharibu vipodozi hakufai. Wala si udhuru wa kuikusanya Maghrib na Isha, wala kuiakhirisha Maghrib mpaka wakati wake utoke. Aliye katika hedhi hana Swala ya kuihofia, naye apambwe kwa nafasi yake.

Ratiba tunayoipendekeza

Hapa Unguja Maghrib huingia baina ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 50 za jioni kulingana na miezi, na Isha hufuata baada ya saa moja na kidogo. Kwa hiyo njia ni mbili.

*Njia ya kwanza, kwa bibi harusi.* Aoge na aswali Alasiri. Kabla ya kukaa kwenye kiti achukue udhu kamili, kisha apambwe hali ya kuwa na udhu. Apunguze kunywa maji na chai jioni hiyo, bila ya kujitesa. Adhana ya Maghrib ikimkuta kwenye kiti, asimamishe kazi kwa dakika chache, aswali na arudi. Akiweza kuufikisha udhu mpaka Isha, Alhamdulillah. Ukitenguka, hana budi kuosha uso na kuanza upya, na mpambaji aliyeambiwa mapema atakuwa ameshajiandaa.

*Njia ya pili, kwa wageni.* Aswali Maghrib nyumbani, apambwe baada ya hapo na udhu wake, na aswali Isha kabla ya kuvaa nguo za ukumbini. Hii ni nyepesi zaidi, na inafaa kwa mapambo yasiyozidi saa moja.

Jambo moja husahauliwa. Katika mila yetu, baada ya nikaha bwana harusi huingia kumpa mkono mkewe, akamwekea mkono kwenye paji la uso na kumuombea dua. Kwa madhehebu ya Shafi, kugusana ngozi kwa ngozi baina ya mume na mke kunatengua udhu. Ama bibi harusi aswali kabla ya mkono, ama mkono uwekwe juu ya mtandio. Ndugu zetu wa Ibadhi na wa madhehebu mengine wana ufafanuzi wao, na kila mmoja amuulize shekhe wake mapema, si usiku wenyewe.

Uso uliotengenea bila kuzidisha

Mas-ala haya si ya hukumu, lakini tunaulizwa, na mwenye kuyajua huokoa muda na fedha.

Joto letu ni la unyevu, na tabaka nyingi huteleza kwa jasho. Uso uoshwe, upakwe krimu nyepesi, na uachwe dakika kumi ukauke. Faundesheni ijaribiwe kwenye taya mbele ya dirisha, kwa mwanga wa mchana, si mgongoni mwa mkono: uso usiofanana na shingo ndio unaoonekana vibaya zaidi kwenye picha. Ipakwe kidogo, pale penye haja tu. Poda iwe nyembamba, hasa kwenye paji, pua na kidevu. Baadhi ya poda nyeupe na krimu za kukinga jua hurudisha mwanga wa kamera, na uso ukatoka kama umemwagiwa unga, ingawa kwenye kioo haukuonekana hivyo. Dawa yake ni kupiga picha moja ya majaribio kwa mwanga wa simu kabla ya kuondoka.

Maskara ichaguliwe ile ya kawaida inayotoka kwa maji, na wala isichangiwe baina ya watu, kwa kuwa maradhi ya macho huambukizana. Mwenye macho mazuri hutosheka na wanja.

Piko na krimu za kuchubua

Hina halisi hutoa rangi nyekundu au ya kahawia, na huhitaji saa kadhaa kukolea. Ikikupa weusi mkali kwa muda mfupi, jua kuna kitu kimetiwa. Piko nyingi hutengenezwa kwa dawa ya kupaka nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Kwa baadhi ya watu huleta malengelenge na makovu yanayofuata michoro yenyewe, na aliyeingiwa na mzio huo hubaki nao maisha. Umoja wa Ulaya hauruhusu PPD kupakwa moja kwa moja kwenye ngozi. Watoto wadogo wasipakwe kabisa.

Krimu za kuchubua zenye zebaki au haidrokwinoni ni balaa zaidi. Zebaki hupenya kwenye ngozi na kuharibu figo, na hudhuru mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unahusu pia vipodozi vyenye zebaki. Visiwani kwetu ipo Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2006, na msimamizi ni Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA). Bidhaa isiyo na jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo isipakwe usoni. Mama anayemchubua binti yake miezi mitatu kabla ya harusi ajiulize: mume aliyemposa alimuona na rangi gani?

Picha na amana

Mwanamke akivua buibui ndani ya ukumbi wa wanawake, amewaamini waliomo. Kumpiga picha bila idhini yake na kuirusha kwenye simu ni khiana, hata kama mpigaji alikusudia kumsifu. Tunazishauri familia mambo manne. Mpiga picha awe mwanamke, na ijulikane kabla nani atabaki na picha. Litangazwe mlangoni kuwa simu hazipigi picha za wageni. Bwana harusi anapotaka kuingia na wapambe wake, itangazwe dakika tano kabla ili wanawake wajisitiri. Na wapambe wakibaki nje ni bora. Na bibi harusi afunikwe vizuri anapotoka nyumbani hadi garini.

Kwa wapambaji

Kazi ya kupamba wanawake ni halali na kipato chake ni halali, ikiwa mpambaji ni mwanamke na hafanyi yaliyokatazwa. Mwanamume ajinabi kumpamba mwanamke haifai. Tunawaomba dada zetu wenye saluni waweke msala safi na mahali pa udhu, na wawaulize wateja wao kwanza: umeshachukua udhu? Swali hilo moja linaweza kuokoa Swala za ukumbi mzima, na aliyeongoza kwenye kheri ana ujira wake.

Ama gharama, familia zisishindane. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) ametufundisha kuwa ndoa bora ni ile iliyo nyepesi. Uso utakoshwa usiku ule ule, deni litabaki.

Tunamuomba Allah Awabariki maharusi wetu, Awajaalie mapenzi na huruma baina yao, na Aufanye usiku wao wa kwanza uwe na Swala ndani yake. Wallahu a'lam.