Milne wa Amani na udongo wa Tarime

Hebu tuanze na swali, msomaji wangu. Mkulima wa mpunga kule Tarime au Serengeti akinunua mfuko wa mbolea, nani amemwambia shamba lake linaitaka? Mara nyingi ni muuza duka. Au jirani.

Cha ajabu, elimu ya kujibu swali hilo ilikuzwa hapa hapa kwetu. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902. Baadaye, chini ya Waingereza, alifanya kazi pale mtaalamu wa udongo aitwaye Geoffrey Milne. Alitembea sana huyu bwana. Akaona jambo linalojirudia kilima baada ya kilima: juu udongo mwekundu, chini kidogo kichanga, bondeni mfinyanzi mweusi. Mwaka 1935 akaupa mpangilio huo jina la katena, yaani mnyororo kwa Kilatini. Mwaka 1936 ikatoka ramani yake ya udongo wa Afrika Mashariki. (Wasukuma walikuwa na majina yao zamani, kichanga wakikiita luseni, na walijua zao gani lipandwe wapi.)

Miaka kumi tu baadaye ukaja mradi wa karanga wa Kongwa. Matrekta yakaingia, udongo ukakauka ukawa kama saruji, na kufikia 1951 pauni milioni 36 zilikuwa zimeteketea. Ramani ilikuwepo jamani!

Sasa, mpunga unaingiaje? Mpunga hula silikoni kuliko hata naitrojeni. Ndiyo inayokaza majani na kuzuia ugonjwa wa ukungu uitwao blasti. Japani iliitambua rasmi kuwa mbolea mwaka 1955. Na mnyororo wa Milne unatusaidia kujua pa kuitafuta: mvua ya maelfu ya miaka huiyeyusha silikoni kutoka udongo wa juu, ikabaki chuma inayoupa wekundu, na sehemu yake huteremkia bondeni. Kwa hiyo majirani wawili, mmoja mlimani mmoja bondeni, wanaweza kumwaga mbolea ile ile na mmoja akawa anatupa hela.

Kuna vipimo viwili. Udongo hutikiswa kwenye asidi hafifu, ile iliyomo ndani ya siki, ionekane silikoni gani inatoka. Mabua nayo hupimwa baada ya mavuno: silika ikiwa chini ya asilimia 5 ya uzito mkavu, mpunga ulikuwa na njaa. Na wenye njaa hiyo wanaanza na mabua na makapi yale yale tunayoyachoma moto, maana silikoni nyingi imebaki humo.

Ukienda kwa bwana shamba, chukua udongo sehemu kadhaa za jaruba, uchanganye, na ulitaje jina silikoni. Kipimo cha kawaida huangalia uchachu, naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Hii usipoiomba, haipimwi.