Majengo ya Kale na Wenye Kuyatunza: Kutoka Azania Front hadi Usukuma

Mgeni aingiaye bandari ya Dar es Salaam kwa njia ya bahari hulakiwa na mnara mweupe uliofunikwa vigae vyekundu. Ni mnara wa Kanisa la Kilutheri la Azania Front, ambalo leo ni Kanisa Kuu la Dayosisi ya Mashariki na Pwani. Ujenzi wake ulianza mwaka 1898, miaka saba baada ya Wajerumani kuhamisha makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo. Waliolibuni walitoka katika nchi ambayo adui wa nyumba ni theluji, lakini walitambua upesi kwamba huku pwani adui ni jua; ndiyo maana juu ya madirisha waliweka vijipaa vya vigae vya kutia kivuli.

Utawala ulioliona likijengwa uliondoka Dar es Salaam mwaka 1916. Waingereza wakaja, wakakaa, nao wakaondoka mwaka 1961. Kanisa limebaki, hata baada ya ufukwe huo kuota majengo marefu kama lile la Mamlaka ya Bandari, ambayo yanaufanya mnara wa kale uonekane kama mtoto aliyesimama kati ya watu wazima. Limebaki bila kugeuzwa kuwa makumbusho. Kila Jumapili huingia watu, na mahali penye watu kigae kikivunjika huonekana, paa likivuja wazee wa usharika hukutana, na fedha hutafutwa. Jambo hili laonekana dogo, lakini habari yote ya hifadhi ya majengo ya kale katika nchi yetu imefungamana nalo, kama itakavyoonekana.

Dar es Salaam si mji mkongwe ukilinganishwa na Kilwa au Lamu. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar ndiye aliyeanza kuujenga katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, na kifo chake mwaka 1870 kiliusimamisha ukuaji wake kwa miaka mingi. Katika majengo ya enzi yake limesalia Boma la Kale, lililojengwa mwaka 1866 na 1867 kwa mawe ya matumbawe ili kuwapokea wageni wa Sultani, nalo lina mlango wa kuchonga wa namna ya Zanzibar. Baadaye ziliongezwa kazi za Wajerumani, kama Hospitali ya Ocean Road ya mwaka 1897 na Kanisa la Mtakatifu Yosefu la ndugu zetu Wakatoliki, kisha kazi za Waingereza, na pamoja nazo maduka na nyumba za ghorofa za wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi. Hizo za mwisho husahauliwa mara kwa mara na waandishi wa historia, ingawa ndizo zilizoipa mitaa ya katikati ya mji sura yake.

Je, sheria ilisema nini juu ya mali hii? Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuhifadhi kumbukumbu mwaka 1937. Baada ya Uhuru, Bunge lilipitisha Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979. Sheria hiyo ilipoandikwa iliweka mpaka ambao kila mpenda historia apaswa kuufahamu: jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 linalindwa moja kwa moja. Lililojengwa baada ya hapo halina ulinzi huo mpaka Waziri mwenye dhamana alitangaze katika Gazeti la Serikali.

Msomaji na atulie kidogo mbele ya tarakimu hiyo. Magofu ya Kilwa na Kaole yamo ndani ya mpaka. Boma la Kale la Dar es Salaam, kwa miaka mitatu tu, limo nje. Azania Front limo nje. Kila kanisa la misheni, kila stesheni ya reli, kila boma la mkuu wa wilaya na kila kiwanda cha pamba katika kanda ya Ziwa vimo nje. Karibu kila kitu kilichojengwa kwa mawe na tofali za kuchoma katika bara letu ni kichanga mbele ya sheria hiyo, na hulindwa kwa tangazo au hakilindwi kabisa.

Tangazo la namna hiyo kwa Dar es Salaam lilitolewa mwaka 1995, likataja majengo na maeneo ya hifadhi katikati ya mji. Hata hivyo ubomoaji haukukoma. Jengo la kale la Salamander katika Barabara ya Samora, alilokuwa akilijua kila mkazi wa mji, lilivunjwa, na mahali pake pakapandishwa ghorofa lenye kubeba jina lilelile. Si haki kuwalaumu wenye mali peke yao. Kiwanja katikati ya mji kina thamani kubwa kuliko nyumba iliyo juu yake. Chokaa na mbao za kale zataka fundi ambaye hapatikani kirahisi. Na sheria humkataza mwenye nyumba kuvunja pasipo kumpa shilingi ya kukarabati. Katazo lisilo na msaada humfanya mwenye nyumba aingojee mvua imfanyie kazi aliyokatazwa.

Ndipo wataalamu na raia walipoona kwamba kazi hii haiwezi kuachwa kwa idara moja ya serikali. Chama cha Wasanifu Majengo Tanzania, kwa kushirikiana na Halmashauri ya Jiji na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, na kwa fedha za Umoja wa Ulaya, kilianzisha kituo cha urithi wa majengo cha Dar es Salaam, kijulikanacho kwa kifupi kama DARCH. Boma la Kale lilikarabatiwa likawa nyumba ya kituo hicho, nalo likafunguliwa kwa umma. Humo watu huonyeshwa kwa picha na ramani jinsi mji ulivyokua, na kutoka hapo wageni kwa wenyeji huongozwa kutembea mitaani. Jengo lililokuwa limechoka lilipewa kazi, na kazi hiyo ikawa sababu ya watu kulijali.

Zanzibar imetangulia katika jitihada hizi, na mafundisho yake ni makali zaidi. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, mpango wa hifadhi ukatayarishwa katika miaka ya 1990, na mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kwa karatasi, hakuna mji wa Afrika Mashariki uliolindwa kuliko huo. Lakini Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa limeanza kuporomoka sehemu yake mwaka 2012. Na tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, upande wake mkubwa ulianguka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Jina katika orodha ya dunia halikuzibebesha nguzo zile nguvu ambazo unyevu wa miaka mingi ulikuwa umezila.

Umbali mfupi kutoka hapo, Mkunazini, lipo Kanisa Kuu la Anglikana, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa. Nalo lilikuwa limechakaa sana. Mradi wa ukarabati uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kusimamiwa pamoja na World Monuments Fund ulikamilika mwaka 2016, na karibu na kanisa ikafunguliwa sehemu ya maonyesho inayosimulia habari za utumwa. Tofauti ya majengo haya mawili haikuwa ya sheria, maana yote yalikuwa chini ya sheria moja. Fedha na wakati zilihusika, bila shaka. Lakini kanisa lilikuwa na watu wanaolitumia kila juma, na jumba lilikuwa limefungwa kwa umma kwa miaka.

Huenda mkazi wa Bariadi akauliza haya yote yanamhusu nini. Mji wake ni mji wa mabati na tofali za saruji, na Mkoa wa Simiyu wenyewe ulizaliwa mwaka 2012 kutoka Mkoa wa Shinyanga. Hauna mlango wa kuchonga wala jumba la Sultani. Swali hilo ni halali, na jibu lake laweza kuanzia mbali kidogo, kwenye neno moja. Makazi ya Rais pale Dar es Salaam, yaliyojengwa upya mwaka 1922 baada ya jengo la awali kupigwa mizinga katika Vita Kuu ya Kwanza, huitwa Ikulu. Neno hilo lilitoka huku bara, kwa Wasukuma na Wanyamwezi, ambako lilimaanisha makao ya mtemi. Taifa lilichukua jina kutoka kwetu. Majengo yenyewe ya watemi wa Ntuzu, Dutwa, Kanadi na Itilima hayakupata mrithi.

Nyumba ya mtemi ilikuwa ya miti, udongo na nyasi. Haikukusudiwa kusimama miaka mia moja. Ilikusudiwa kujengwa tena na tena na watu walioijua namna yake. Urithi wake ulikaa katika mikono ya wajenzi. Utemi ulipofutwa mwaka 1963, mikono hiyo ilikosa kazi, na nyumba za msonge za ukubwa ule zikatoweka katika kipindi cha maisha ya mtu mmoja, bila kubomolewa na yeyote.

Aliyeliona hilo mapema alikuwa Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadre Weupe, na inafaa Walutheri wamtaje kwa heshima. Tangu miaka ya 1950, pale Bujora karibu na Kisesa, kando ya barabara ambayo kila msafiri wa kutoka Bariadi kwenda Mwanza kupitia Lamadi na Magu huipita, alikusanya pamoja na Wasukuma wenyewe ngoma za watemi, viti vya enzi na zana za kazi. Kanisa la Bujora lilijengwa kwa duara, kwa kufuata nyumba ya mtemi, na moja ya majengo ya makumbusho likapewa umbo la kiti cha enzi. Wapo waliodhani wakati ule kwamba ni hatari kuingiza umbo la utemi katika nyumba ya ibada. Wengi wa Kilutheri walifikiri hivyo, wakajenga makanisa ya pembe nne yenye mnara wa kuigwa kutoka Ulaya. Leo hakuna mahali pazuri kuliko Bujora pa kumwonyesha mtoto wa Kisukuma jinsi mababu zake walivyopanga nyumba.

Simiyu nayo ina majengo ya kale ya kwake, ingawa hayajazoeleka kuitwa hivyo. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikapitia Malampaka katika Wilaya ya Maswa, na pamba ya nchi hii ikapata njia ya kwenda baharini. Viwanda vya kuchambua pamba, maghala ya vyama vya msingi na ofisi zake ni kumbukumbu ya wakulima walioungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani, wakajinunulia sauti katika bei ya jasho lao. Ghala la mabati lililopauka kando ya kiwanja cha mpira ni ushahidi wa historia hiyo sawasawa na nyaraka zilizomo maktabani. Tangu mwaka 2021 reli mpya ya kisasa imekuwa ikijengwa kati ya Mwanza na Isaka kupitia Malampaka, na maendeleo hayo ni ya kushangiliwa. Ila stesheni za reli ya zamani zitabaki bila kazi, na jengo lisilo na kazi, kama ilivyoelezwa, huanza kufa siku hiyohiyo.

Kuhusu makanisa, hali ni ya haraka zaidi. Sharika za Usukuma zilianza chini ya mti, kisha katika banda la nyasi, kisha katika nyumba ya tofali mbichi, na kila jengo jipya lilisimamishwa mahali pa lile la awali au kwa mawe yake. Lilikuwa jambo la furaha, na hakuna mkristo atakayelia kwa sababu waumini wameongezeka. Hata hivyo usharika unapovunja kanisa la kwanza bila kulipiga picha, bila kupima urefu na upana wake, bila kuandika majina ya mafundi na ya kina mama waliobeba maji na mchanga, unapoteza kitu ambacho saruji mpya haikirudishi. Sura ya tatu ya kitabu cha Nehemia imejaa majina ya waliojenga ukuta wa Yerusalemu, kila mmoja na sehemu yake, wengine mbele ya nyumba zao wenyewe. Ukuta ule wa Nehemia leo hutafutwa na wachimbaji chini ya ardhi. Orodha ya majina husomwa bila shida.

Kazi ya kwanza iliyofanywa Dar es Salaam na Zanzibar ilikuwa hiyohiyo ya kuorodhesha: jengo liko wapi, lilijengwa lini, kwa vifaa gani, nani mwenyewe, hali yake ikoje, na picha moja ya mbele. Haihitaji mfadhili wa ng'ambo. Yahitaji daftari, kipimo cha futi, simu yenye kamera na mzee wa kuulizwa.

Na wazee ndio wanaokwenda. Wakati wa Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, familia nyingi za Usukuma zilihamishwa kutoka makazi yao ya asili, na palipohama watu, mahali pa ibada napo palibaki porini. Mtu aliyekuwa na miaka 15 mwaka ule, aliyepata kuimba katika mabanda hayo na kukumbuka yalielekea upande gani, amekwisha kupita miaka 60. Baadhi yao wangali wakiweza kutembea hadi kwenye mashamba ya pamba ya leo na kuonyesha mwembe uliopandwa mlangoni, na mstari wa mawe ambao trekta bado halijaufikia.