Kuku Mgeni Hakosi Kamba Mguuni

Ukipata ripoti yoyote ya kambi, iwe ya mwaka huu au ya zamani, utakuta wametuhesabu vizuri. Wanawake wangapi, watoto chini ya miaka mitano wangapi, vyoo, mabomba, nyumba za matofali na zile za turubai. Kuku huwakuti. Mimi nafanya kazi na vijana hapa Nyarugusu, ripoti za namna hiyo zinapita mikononi mwangu, na kila nikisoma najiuliza: sasa hawa wanaowika saa kumi alfajiri kambi nzima ni wa nani?

Historia yetu siye watu wa Fizi na Uvira, na ya ndugu zetu Warundi pia, huwa inaandikwa kwa vita na kwa tarehe za kuvuka ziwa. Hizo zipo na zisifutwe. Ila ukitaka kujua watu waliishije kati ya vita moja na nyingine, uliza walikuwa wanafuga nini.

Tuanze na kuku mwenyewe, maana naye ni mgeni. Wataalamu wanasema asili yake ni kuku wa porini wa Asia ya kusini-mashariki. Afrika aliingia kupitia Misri na pia kwa vyombo vya Bahari ya Hindi, na katika miji ya kale ya pwani ya mashariki wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa yake ya miaka elfu na zaidi. Akapanda bara, akapewa majina. Warundi wanamwita inkoko, Waganda enkoko, sisi kuku, na ukilitamka unasikia kabisa kuwa ndege mwenyewe ndo alijitaja. Ndege aliye wa Afrika tangu mwanzo ni kanga. Huyu tunayemwita "wa kienyeji" ni mhamiaji aliyekaa mpaka watu wakasahau kumuuliza karatasi.

Kuna wakati serikali iliwahesabu kuku, tena sana. Kuanzia 1885 mpaka 1908 Kongo ilikuwa mali ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Shuleni tunafundishwa habari za mpira na mikono iliyokatwa, na ni haki tufundishwe. Lakini vituo vya serikali ile vilihitaji pia kula. Vijiji vya kandokando ya mto Kongo, mbali na kwetu huku ziwani, vililazimishwa kupeleka chikwange, samaki, kuku na mbuzi. Roger Casement, konseli wa Uingereza, alipita huko 1903 na ripoti yake ikatoka 1904. Ndani yake wanavijiji wanaeleza jinsi mifugo ilivyowaishia, wakawa wanakwenda kuinunua kwingine kwa bei kubwa kuliko kile walicholipwa kituoni. Kumbe kuhesabiwa nako kuna namna mbili. Mtu aliyekulia katika habari kama hizo akikuona na karatasi na kalamu mlangoni kwake, atakwambia ana kuku wawili hata kama tisa wako nyuma ya nyumba. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, mkumbuke hilo kabla ya kuandika kwamba jamii haitoi ushirikiano.

Sasa ng'ombe. Bibi yangu alizaliwa upande wa milima ya Fizi na alikuwa akisema Kiswahili cha kule hadi mwisho wake. Alinieleza hivi: "Ngombe njo iliitaka watu wa bunduki ku nyumba. Dende haiiti mtu." Dende ndiye yule mnyama mdogo wa jikoni ambaye Watanzania wanamwita simbilisi. Katika vita ya 1996 na 1997, na ile iliyoanza 1998, mifugo mikubwa ya Kivu iliporwa ikakaribia kwisha. Ng'ombe anaonekana kutoka kilima cha pili. Anatembea kwa miguu yake, kwa hiyo mwizi hana haja ya kumbeba. Dende anakaa chini ya kitanda au pembeni ya mafiga, anakula majani na maganda, na haruki wala hapandi, hata ubao mfupi mlangoni unatosha kumzuia. Jike anabeba mimba kama siku 68 hivi na watoto wanazaliwa na manyoya, macho wazi, wanakimbia siku hiyohiyo. Kukiwa na hatari, mama anawatia kwenye kikapu, anaweka nguo juu, anaondoka.

Huyo dende naye asili yake ni mbali sana, milima ya Andes huko Peru na Bolivia, ambako watu walimfuga maelfu ya miaka kabla Wahispania hawajafika. Amezunguka bahari mbili akaja kuwa akiba ya wanawake na watoto wa Kivu. Nasema ya wanawake na watoto kwa sababu ng'ombe alikuwa wa baba na mbuzi ni wa kujadiliana, lakini dende na kuku baba hakuwaulizia. Mtoto wa miaka kumi aliweza kusema "huyu ni wangu" na akasikilizwa. Watafiti wa kilimo wamekwisha kuandika juu ya dende wa Kivu ya Kusini, wakaeleza kwamba vita na umaskini ndivyo vilivyompandisha cheo. Bibi hakusoma makala hizo.

Mwaka 1996 kambi hii ilifunguliwa, wilaya ya Kasulu, kwa ajili ya Wakongo waliovuka Tanganyika. Bibi alishuka Kigoma na mitetea wawili kwenye kapu la mianzi. Mmoja alikufa njiani, wa pili ndo bibi wa kuku wetu wote.

Hapo ndipo methali ya kichwa cha habari inapoingia. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni: ukimnunua leo unamfunga siku kadhaa mpaka azoee boma jipya. Serikali za nchi hizi ziliwahi kuandika methali hiyo kuwa sheria. Wanyarwanda walipoanza kukimbia mwaka 1959, wengi waliingia Uganda na Karagwe wakiswaga ng'ombe. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 1960, na ya Tanganyika na Zanzibar zilipokwisha kuungana, katikati ya miaka hiyohiyo ya 1960, zote ziliweka kifungu cha wanyama: serikali iliweza kuamuru wanyama walioingia na wakimbizi wazuiliwe mahali fulani au wachinjwe. Sababu zilikuwepo. Magonjwa ya ng'ombe hayaulizi mpaka, na malisho ya wenyeji yana mwisho. Bado nikisoma kifungu kile naona watu waliomwangalia mkimbizi wakaona kwanza mifugo yake kama tatizo.

Baadaye mambo yalitofautiana. Warundi waliokimbia 1972 walipewa ardhi Katumba na Ulyankulu, kisha Mishamo, wakalima, wakafuga, wakalipa kodi, na 2014 zaidi ya 160,000 kati yao walipewa uraia wa Tanzania. Sisi tuliokuja miaka ya 1990 tuliwekwa kwenye kambi. Kiwanja ni cha nyumba na jiko, shamba hakuna, na kutoka nje ya kilomita nne ni kwa kibali. Katika eneo kama hilo mbuzi ni ugomvi na jirani kila siku. Kuku, bata, njiwa, sungura na dende ndo wanaoenea. Mtu anaweza kudhani tunafuga wadogo kwa kuwa hatuna ujuzi wa wakubwa. Kumbe ni upana wa uwanja.

Jinsi kundi linavyoanza kambini inafaa ielezwe, kwa sababu hakuna shirika lililoifundisha. Mtu asiye na kitu anaenda kwa jirani mwenye mtetea na kuomba amlelee. Mtetea analala kwake, anataga mayai kumi au kumi na tano, anaatamia siku 21, na vifaranga wakikua wanagawana nusu kwa nusu. Mtetea anarudi kwa mwenyewe au anabaki kwa mzunguko mwingine. Hakuna karatasi. Ukidhulumu, habari inafika bombani kabla hujafika wewe, na mtetea mwingine hupati. Nimeona Mkongo na Mrundi waliofika 2015 wakilea hivyo, hawasikilizani lugha vizuri lakini kwenye kugawa vifaranga wanaelewana kabisa, na wakibishana ni juu ya yule wa mwisho asiyegawanyika. Kwa kawaida anapewa mtoto wa nyumba iliyolea.

Mpango wa kuleta kuku wa kisasa nao tumeupata. Shirika moja liligawa vifaranga wa mayai kwa vikundi vya vijana, pamoja na chakula cha kuanzia. Chakula kilipoisha, kununua kingine ilikuwa ndoto, na kuku wale hawakujua kuparua. Walikonda, wakaliwa. Sina ugomvi na kuku wa kisasa, mahali pake ni penye chakula cha dukani.

Kuku wetu wanajua kuparua. Wasichokiweza ni mdondo, ambao wengine wanauita kideri. Ugonjwa huu una tarehe yake kama vita: ulitambuliwa mara ya kwanza 1926, huko Java na karibu na mji wa Newcastle, Uingereza, na ndo maana Wazungu wanauita kwa jina la mji huo. Mwaka 1935 ulikuwa umekwisha kuonekana Mombasa. Tangu hapo kila aliyefuga Afrika Mashariki anaujua. Kuku anajikunyata, anaharisha kijani, shingo inapinda, anakufa, na wenzake wanamfuata. Hauna dawa ya kuponya. Binti mmoja wa kikundi chetu alikuwa na kuku kumi na tisa aliowapanga kwa madaftari, viatu na safari ya mtihani ya mdogo wake. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa walibaki wawili. Mwaka huo huo, 2023, mgao wa chakula ulikuwa umeshuka hadi nusu, kwa hiyo wale kuku hawakuwa pambo la uwanja.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ya kuzuia ipo tangu kabla binti huyo hajazaliwa. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Australia walitengeneza chanjo inayoitwa I-2 kwa ajili ya kuku wa vijijini hasa, inayostahimili joto kuliko chanjo nyingine. Tanzania ikaanza kuitengeneza yenyewe Temeke, Dar es Salaam. Tone moja kwenye jicho moja la kuku mzima, kila baada ya miezi mitatu au minne. Mtoto wa darasa la tano anaweza kufundishwa asubuhi moja. Tatizo lake ni kwamba kichupa kimoja kina matone ya kuku mia na zaidi na kikishachanganywa hakikai, wakati nyumba moja ina kuku sita. Peke yako huwezi kukinunua ukaona maana. Lazima mtaa mzima ukubali siku moja, na ili mtaa ukubali lazima mtu ajue kila nyumba ina kuku wangapi.

Kwa hiyo tumeanza kuhesabu. Wanahesabu vijana wenyewe, nyumba wanazozijua, kwa daftari la mraba lisilopelekwa ofisini. Mwanzo kila mama alisema wawili. Tulipochanja mara ya kwanza, alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa, wale "wawili" walitoka kumi na moja, wengine wamefichwa kwenye ndoo. Mara ya pili hawakufichwa wengi. Safari hii zoni ya jirani nao wameomba daftari, na wanataka dende waandikwe pia, ingawa chanjo hii si yao.