Kaseti isiyo na ukanda: Alama niliyomnyima mwanafunzi

Mwishoni mwa miaka ya tisini, nikifundisha Kiswahili huko Changamwe, mwanafunzi mmoja aliandika katika insha yake: "Kaseti ilikataa, tukaipuliza, Kontra ikashika." Nilipiga mstari mwekundu chini ya 'kaseti' na kuandika pembeni: "Ukanda uko wapi?" Alama ikapotea. Kijana akanijia na kusema, "Lakini mwalimu, sote twaiita hivyo." Sikumsikiza.

Kweli, kuanzia Likoni hadi Kisauni, vijana waliolipa shilingi chache kucheza gemu vibandani walikiita kaseti kile kipande cha plastiki kinachochomekwa kwenye mashine. Ndani yake mna chipu, hamna ukanda.

Historia ya mchezo wenyewe inanisuta. Contra, gemu ya wanajeshi wawili wanaokimbia huku wakifyatua risasi, ilitolewa na kampuni ya Konami ya Japani mwaka wa 1987. Mwaka wa 1988 ikaingia kwenye Famicom, mashine ya Nintendo iliyoigwa sana; nakala hizo za kuiga ndizo zilizotufikia sisi Mombasa. Wajapani wenyewe hukiita kile kipande 'kasetto'.

Nchini Uingereza nako, kampuni ya Ocean ya Manchester iliiuza gemu iyo hiyo kwa jina Gryzor, ichezwe kwenye kompyuta za nyumbani kama vile Commodore 64 na ZX Spectrum. Kompyuta hizo zilisoma gemu kutoka kwenye kanda za aina ile ile ya muziki. Mchezaji alitia kanda, akasubiri dakika kadhaa, ndipo vita vianze.

Basi gemu ni moja, kaseti ni mbili: moja ina ukanda, nyingine haina. Ipi ndiyo kaseti halisi? Zote mbili. Asili ya neno hili ni 'cassette' la Kifaransa, yaani kijisanduku. Linataja kasha, si kilichomo ndani. Anayetaka kutaja utepe ana neno lake: ukanda.

Aliyekosea ni mimi. Kijana yule sasa ni mtu mzima, na alama ile siwezi kumrudishia. Ninaloweza ni kuwaomba walimu wenzangu: kabla ya kulikata neno la mtoto, tumuulize kwanza amelitoa wapi.