Jabali la Tororo na Riziki ya Wenyeji

Mtu atokaye Mwello huliona jabali la Tororo kabla hajauona mji. Vizazi vingi vililima mtama na wimbi kandokando yake, wala mawe yake ya chokaa hayakumlisha mtu. Thamani yake ilikuja baada ya reli itokayo Mombasa kupita Tororo na kufika Kampala mwaka 1931, na ilipohitajiwa saruji ya kujengea bwawa la Owen Falls, Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954. Kiwanda cha saruji kikajengwa. Katika miaka ya 1960 kikafuata cha mbolea, kwa fosfati ya vilima vya Sukulu.

Waasia walipofukuzwa mwaka 1972 na uchumi ukaporomoka, kazi ilizorota, na kiwanda cha mbolea kikafungwa. Mawe hayakupungua; walipungua mafundi, vipuri na wanunuzi.

Mwaka 2018 kiwanda kingine kilifunguliwa Sukulu. Wenyeji walihamishwa mashambani, na wapo walioilalamikia fidia. Basi, walimu wenzangu, tunapofundisha neno “maliasili”, tuwaulize pia wanafunzi: mali hiyo, ikishachimbwa, inambakizia nini aliyezaliwa juu yake?