Usipoziba Ufa: Kutoka Mji wa Kale Hadi Ndani ya Kompyuta

Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa, lakini fundi atakuuliza: ufa upi? Ukipita Mji wa Kale hapa Mombasa utaona nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zenye nyufa za kila namna. Kuna ufa unaotulia miaka na miaka, na kuna unaokimbia hadi ukuta ukalala chini. Mimi ni mwandishi wa programu, si mjenzi, ila swali hili lina historia tamu kwetu watu wa kompyuta.

Aliyelijibu kwanza ni Mwingereza A. A. Griffith, mwaka 1921, kwa majaribio ya vioo. Hoja yake ni kama hesabu ya duka. Ufa ukirefuka, nishati iliyobanwa ndani ya kitu inaachiliwa: hayo ni mapato. Kupasua sehemu mpya nako kunakula nishati: hiyo ni gharama. Mapato yakizidi gharama, ufa unakimbia wenyewe.

Somo likaja kwa uchungu. Mei 1952, ndege ya Comet ilipitia Entebbe, Uganda, katika safari ya kwanza ya jeti ya abiria kutoka London hadi Johannesburg. Ndege hiyohiyo ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba Januari 1954, wakafa wote 35. Uchunguzi ulionyesha uchovu wa metali: nyufa ndogo zilizokua safari baada ya safari. Mwaka 1957 Mmarekani George Irwin akatoa kipimo cha mkazo kwenye ncha ya ufa.

Kisha ikaja kompyuta. Unagawanya ukuta kuwa vipande vidogo kama wavu, kila kipande na hesabu yake. Ray Clough aliipa njia hii jina mwaka 1960. Taabu ni kwamba ufa haufuati nyuzi za wavu wako! Kila ukisogea, unasuka wavu upya.

Mwaka 1976 Arne Hillerborg na wenzake wa Sweden walionyesha kuwa zege halipasuki kama kioo. Ufa ukifunguka, punje bado zinashikana kidogo. Nadhani kuta zetu ziko karibu na zege kuliko kioo. Mwaka 1998 Wafaransa Francfort na Marigo waliiachia hesabu ya nishati itafute njia ya ufa yenyewe. Mwaka 1999 kundi la Ted Belytschko, Marekani, likaupitisha ufa katikati ya vipande bila kusuka wavu upya.

Yatuhusu nini? Fort Jesus ilijengwa 1593 hadi 1596, na tangu 2011 ni urithi wa dunia wa UNESCO. Nyumba za jirani nyingi zinazibwa kwa saruji. Saruji ni ngumu, chokaa ni laini. Haviendi pamoja, na jiwe laini ndilo linaloumia. Kompyuta inaweza kujaribu kiraka kabla fundi hajashika mwiko.

Programu si kisingizio: Code_Aster ya EDF, Ufaransa, inatolewa bure tangu 2001. Lakini inataka namba za jiwe letu na chokaa yetu, na namba hizo hupatikana kwa kuvunja vipande maabara. Bila hizo, utapata picha ya rangi nzuri tu. Vijana wa vyuo vya Pwani, kazi ndiyo hiyo: pimeni jiwe kwanza, halafu ndipo muandike programu.