Jina Halinunuliwi

Binadamu hupenda kuacha jina. Mwenye fedha hujenga, mwenye mamlaka huamuru, na kila mmoja huamini kwamba jina likishaandikwa limekwisha kukaa. Historia ya Bognor Regis, mji wa mapumziko katika pwani ya kusini ya Uingereza, yatufundisha vingine.

Bognor ni jina la kale mno. Hati inayohesabiwa kuwa ya mwaka 680 inapataja mahali hapo kwa jina la Bucgan ora, yaani ufuko wa Bucge. Bucge ni jina la mwanamke wa Kisaksoni.

Zaidi ya miaka elfu moja ikapita. Bognor ilikuwa bado kijiji cha wavuvi alipofika Sir Richard Hotham, tajiri wa London aliyekuwa mfanyabiashara wa kofia. Zama hizo madaktari walikuwa wakiwashauri wakubwa waoge maji ya bahari kwa ajili ya afya zao. Kuanzia mwaka 1787 Hotham akajenga nyumba za fahari za kuwapokea, naye akataka mji uitwe Hothamton. Alifariki mwaka 1799. Haikuchukua muda, watu wakarejea kusema Bognor.

Kisha ikaja zamu ya mfalme. Mwaka 1929 George wa Tano, akiwa ametoka kupasuliwa kifuani, alipumzika miezi mitatu hivi katika jumba la Craigweil, jirani na mji huo. Wenyeji wakaomba heshima, na mwaka huo huo mji ukaongezewa neno Regis, Kilatini cha “wa mfalme”. Wapo wasimuliao kwamba mfalme mwenyewe aliutukana mji huo. Iwe kweli au uzushi, neno lilibaki.

Lakini angalia, msomaji: hata neno la mfalme limekaa nyuma ya jina la Bucge, wala halikuliondoa. Na katika mazungumzo ya kila siku wengi husema Bognor tu. Hotham, aliyeujenga mji, amebaki na bustani moja iitwayo kwa jina lake.

Kwa hiyo wale wenye haraka ya kubadili majina ya miji na mitaa na wakumbuke jambo hili. Amri huweza kuandika jina kwenye kibao. Wanaolitunza ni wale wanaolitamka wakienda sokoni na wakirudi nyumbani.